Doria ya Jicho la Kushoto

Baba yangu alistaafu jeshini akiwa sajenti, na mpaka leo, akisikia viatu vizito vikipita nje ya uzio wetu Gongo la Mboto, huinua kichwa na kumtangaza mwenye viatu. "Koplo huyo, ana haraka." Au: "Huyo ni afisa mteule. Kisigino cha kulia kimelika." Mama ni mtu wa Temeke, Mzaramo wa kuzaliwa na kukulia hapohapo, na katika maisha yake hajawahi kumpigia mtu saluti. Humjibu kutoka jikoni bila hata kuchungulia: "Muuza mkaa huyo, baba watoto." Mara nyingi mama ndiye huwa sahihi, lakini baba hajawahi kukubali. Husema huenda muuza mkaa naye alipita depo, kwenye mafunzo ya ukuruta.

Mchezo huo ulitufurahisha wakati baba akiwa bado anaona. Macho yalipoanza kufifia, masikio yakawa ndiyo silaha aliyobaki nayo, na akazidi kuyaamini kuliko yalivyostahili.

Jicho la kulia lilizimwa na presha ya macho, wakati ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba jicho nalo hupata presha. La kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho. Mimi ni fundi wa mafriji. Shule niliiachia darasa la saba, na mengine niliyonayo nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini pembeni mwa barabara, nikivisoma kimoja baada ya kingine kuanzia ukurasa wa kwanza, hata kile cha ufugaji wa nguruwe, ambacho hakikunihusu. Kwa hiyo nilisoma na habari za jicho. Lenzi, ambayo inatakiwa iwe safi kama kioo cha saa, hupata ukungu, mfano wa mlango wa friji la soda wakati wa joto. Tofauti yake ni kwamba ukungu wa friji unafutika kwa kitambaa. Ule wa jicho dawa yake ni kuitoa lenzi nzima na kuweka ya bandia.

Daktari wa macho alimpima baba, akazima tochi yake, akasema kwa upole, "Mzee, huyu mtoto amekomaa. Tukimwacha atapandisha presha, na jicho hili litakwenda kama mwenzake. Lifanyike mapema, tusingoje mwakani."

Kwa mwanajeshi mstaafu, kutibiwa ni sehemu ya ahadi. Baba alikwenda upande wa Kagera wakati wa vita akiwa kijana ambaye ndevu hazijamjaa kidevuni, akarudi mzima, akatumikia mpaka umri ukamtoa, na serikali ikasema itamtunza afya yake. Katika hospitali tuliyopangiwa, ambayo sitaitaja jina ingawa haikutukosea kitu, ahadi hiyo ilikuwa na umbo la boksi. Lenzi za wastaafu zilinunuliwa kwa fungu la mwaka wa fedha, zikaja kwenye maboksi madogo, na kila siku ya upasuaji zikatolewa chache. Maboksi yakiisha, mnasubiri mwaka mpya wa fedha. Na mwaka mpya wa fedha, kama kila anayefuatilia bajeti anavyojua, huanza Julai lakini fedha zake Julai yenyewe hazifiki.

Sisi tulikuwa Mei. Nilipiga hesabu zangu nikaona muda upo. Kitu ambacho sikukiweka kwenye hesabu ni benchi.

Siku ya kwanza nilimpeleka kwa kirikuu changu, gari ambalo siku nyingine hubeba majokofu ya watu. Baba alikaa mbele, bereti aliyostaafu nayo ameiweka gotini, na tulipita Ubungo jua likiwa halijachomoza vizuri. Tulifika wa kwanza kabisa. Muuguzi wa mapokezi, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, alimpa kikaratasi cha namba ya kwanza.

"Shikamoo, babu. Leo umetuwahi hata sie wenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Jeshini anayefika kwa wakati amechelewa."

Nikatoka kwenda kulisogeza gari, maana mlinzi alidai nimeziba njia ya gari la wagonjwa. Niliporudi, baba alikuwa mwisho wa benchi, jirani na mlango wa choo, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi njema. Kikaratasi alichoshika hakikuwa kile tulichopewa.

"Baba, namba yetu iko wapi?"

"Ipo kwa kapteni."

"Na hii ya nani?"

"Ya koplo. Ngoja nikueleze." Akanieleza kwa raha, kama mtu anayeeleza jinsi saa inavyofanya kazi. Alikuja sajini taji, akampisha. Akaja afisa mteule, sajini taji akampisha. Akaja kapteni, mwanamke, zamani muuguzi wa jeshi, wote wakasimama. Vikaratasi vikatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka kila mtu akashika kile kilichomfaa.

"Lakini baba, wewe sajenti. Kwa nini una namba ya koplo?"

"Koplo yule ana kisukari. Nimemhurumia."

Ndipo nilipoliangalia vizuri lile benchi. Kwenye foleni yoyote ya Dar es Salaam mtu akifika huuliza, "Wa mwisho nani?" Wale wazee hawakuuliza hivyo. Aliyefika alisimama mbele ya benchi akauliza, "Mlitoka na nini, wenzangu?" Kila mmoja akataja cheo alichostaafu nacho, na mgeni akaingizwa mahali pake kama kitabu kwenye rafu. Wenye cheo sawa walitazamana nani alitangulia kuingia depo. Hakuna aliyelalamika. Wagonjwa raia waliokaa benchi la pili walikuwa wakigombana vizuri tu kuhusu nani alimkuta nani, lakini benchi la wastaafu lilikuwa kimya na limenyooka, likisogea kwa utaratibu ambao hospitali haikuuagiza.

Muuguzi alipoita namba ya kwanza, akainuka yule mama kapteni. Muuguzi akamtazama, akamtazama na baba kule karibu na choo.

"Babu! Wewe si ndo ulikuwa wa kwanza?"

"Nilikuwa, mwanangu. Wakaja wakubwa."

"Wakubwa gani? Si wote mmestaafu nyie?"

"Mtu anastaafu," baba akasema. "Cheo hakistaafu."

Mchana daktari akatoka amevua kofia ya upasuaji. Lenzi za siku ile zilikuwa zimekwisha. Baba akampungia mkono kwa heshima, tukarudi nyumbani.

Mama alisikiliza habari yote akiwa anakuna nazi, na mbuzi ya nazi ikazidi kwenda mbio kadiri nilivyosimulia.

"Hebu niambie, baba watoto. Hilo jicho ni lako, au mnachangia na kapteni?"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Haya. Ukipofuka, huo utaratibu ndo utakushika mkono kukupeleka chooni. Mie sitakuwepo. Nitakuwa nimempisha mkubwa."

Usiku ule nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Nimesoma hotuba za bajeti magazetini kwa miaka mingi, na nimesikia watu wakilalamika kuhusu fedha za matibabu ya wastaafu: zinachelewa, hazitoshi, zimeishia njiani. Mengine ni kweli. Fungu la lenzi lilikuwa dogo kuliko benchi, hilo kila mtu aliliona. Lakini sijapata kusoma popote habari ya mtu ambaye haki yake imefika mpaka mkononi, ikiwa na namba, naye akainuka akaigawa kwa furaha. Tatizo la friji huwa umeme au gesi au mpira wa mlango. Hili lilikuwa friji zima, lenye umeme na gesi, lililokataa kugandisha kwa sababu za heshima.

Nikaamua kulishughulikia kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumvua bereti. Mama aliificha kwenye pipa la unga. Hatua ya pili ilikuwa kumkalisha mbali na benchi, akielekea ukutani, pale penye ndoo ya maji ya kunywa, ili asimwone mtu anayeingia. Mama aliongeza hatua ya tatu, kwamba tumzibe masikio kwa pamba, lakini baba aliinusa hila ile mapema akasema mlinzi hazibwi masikio hata akilala. Tukaiacha.

Siku ya pili ilianza vizuri. Baba alikuwa na namba ya mwanzoni, uso wake ukitazama rangi ya ukuta, mimi nimesimama nyuma yake kama pazia. Mstaafu mmoja alipouliza, "Mzee kule ukutani alitoka na nini?" nilijibu kwa niaba yake kwamba ametoka na homa. Muuguzi alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Kisha vikaingia viatu.

Vilikuwa vizito, vya polepole, vyenye uhakika. Nilimwona baba mgongo unamnyooka. "Huyo," akanong'ona, "si chini ya meja."

"Baba, kaa."

"Mwanangu, naujua mwendo." Akageuka, akasimama wima, akapiga saluti upande ambao sauti ilitokea, akanyoosha mkono wenye kikaratasi. "Afande, tangulia."

Aliyekuwa mbele yake alikuwa mfanyabiashara wa saruji. Nilimjua kwa shati, lililokuwa na picha ya mfuko wa saruji kifuani na jingine mgongoni. Alikuwa na tumbo la kutosha, sauti ya kutosha, na viatu vya ngozi vya bei ya juu. Hospitali ile hutibu na raia wenye bima; lenzi zao zilitoka kwenye bima zao, lakini daktari alikuwa huyohuyo mmoja na saa zake zilezile. Bwana yule akatazama kikaratasi, akamtazama baba, akaona Mungu amemkumbuka.

"Asante sana, mzee wangu," akasema, akakichukua.

"Lakini, bwana—" nikaanza.

"Mwanangu," baba akanikata, "usimbishie mkubwa."

Namba zikaitwa, na saruji ikaingia.

Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kukaa, na kwa kuwa nilisimama nikaona jambo jingine. Siku ileile alikuwepo meja wa kweli, mzee mrefu mwembamba aliyevaa kaunda suti ya kijivu. Alipoingia aliketi nyuma kabisa, nyuma hata ya raia. Haikusaidia. Benchi lilimgundua, likasimama, likamvuta mpaka mbele. Namba yake ilipokaribia, alitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema kwa sauti, "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," akatoka nje. Alipopita karibu yangu niliona kioo cha simu. Kilikuwa cheusi. Simu ilikuwa imezimwa. Kazi yangu ni kutazama taa ndogo kwenye vyombo vya watu, sikuweza kukosea hapo. Hakurudi. Na sisi pia tukaambiwa, "Kwa leo tumeishia hapa."

Katikati ya Juni baba alikuja kwenye banda langu la kazi. Nilikuwa nimesimamisha mlangoni friji la milango miwili, jeupe, nililokuwa nimemaliza kulipiga rangi. Baba alifika, akasita, akabana visigino, akalipigia friji saluti. Alidhani ni afisa wa jeshi la wanamaji, kwa weupe ule kama wa sare zao.

Mama, aliyekuwa amemshika mkono, alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Baba naye alipoambiwa akacheka, akasema angalau friji lile lilijibu kwa kunyamaza, kama maafisa wote. Lakini jioni, baba alipokwenda kuswali, mama aliniambia kwa sauti ya chini, bila mzaha hata chembe, "Tufanye haraka. Jana alinishika uso kwa mikono, akaniambia anataka kukumbuka."

Asubuhi iliyofuata nilimpigia muuguzi. "Boksi la mwisho limeshafunguliwa," alisema. "Siku ya upasuaji iliyobaki ni moja, kisha mpaka fungu jipya lije. Mleteni huyo babu, na safari hii mfungeni kamba."

Mama akasema atakwenda yeye mwenyewe. Alivaa khanga yake ya kwendea kwenye mambo mazito, akapanda kirikuu katikati yetu, na njia nzima akamhutubia baba. Kwamba ameolewa na mwanamume mmoja, hakuolewa na jeshi. Kwamba leo hata aje mkuu wa majeshi yote ya dunia, namba haitoki. Baba aliitikia, "Sawa," kila palipohitaji sawa.

Tulipata namba ya kwanza. Mama akaichukua yeye, akaifunga kwenye pindo la khanga, akakaa juu ya pindo.

Wakaja sajini taji na afisa mteule wengine. "Mlitoka na nini?" wakauliza, na baba akafungua mdomo, na mama akamtangulia: "Ametoka na mkewe." Wale wazee wakacheka, wakakaa walipopata. Nikaanza kuamini.

Ndipo akaingia meja, yuleyule wa kaunda suti. Alijaribu kupita pembeni, amejikunja, akienda kujificha nyuma ya nguzo. Lakini afisa mteule alimwona, akasimama, na benchi zima likainuka. Baba naye akainuka. Hakuwa na kikaratasi cha kutoa, kwa hiyo akatoa kitu kibaya zaidi, nafasi yenyewe: akaondoka kwenye kiti akaenda kusimama nyuma.

"Rudi hapa," mama akasema.

"Siwezi."

"Wee mzee, rudi ukae!"

"Mama watoto, niombe kingine chochote." Na nikaona kwamba hakuwa mbishi. Alikuwa anateseka. Jasho lilimtoka. Alijua boksi ni la mwisho, alijua jicho ni moja, na miguu yake ilikuwa imekataa, kama ambavyo ya kwangu ingekataa kumvuka mama yangu amelala njiani.

Muuguzi akaita, "Namba ya kwanza ajiandae!" Macho yote yakamgeukia meja. Meja akatoa simu. "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," akaiambia, akatoka nje.

Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, ameegemea bomba, simu bado iko sikioni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Niko kwenye simu."

"Imezimwa, afande. Hata siku ile ilikuwa imezimwa."

Akaishusha polepole, akaitazama kama imemsaliti. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa na askari wa zamu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa sajenti mwenye jicho moja."

"Mzee wako ni tatizo langu kubwa," alisema. "Yeye na wenzake. Mimi nimekuja hapa mara nyingi kuliko wote. Kila mara nakaa nyuma, nipate muda wa kujitayarisha. Kila mara wananiinua wananisukuma mbele. Kijana, wanakuchoma sindano hapa, pembeni mwa jicho. Halafu kisu kinakuja na wewe unakiona. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Nani amerudi akanieleza vinginevyo? Hakuna. Wote wananipisha, nani atanieleza?" Akajifuta paji la uso. "Nimepishwa maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza natamani mtu anikosee adabu."

Nilisimama pale nikilifikiria jambo hilo kama ninavyofikiria chombo kilichofunguliwa. Ndani kulikuwa na mtu anayetakiwa kutangulia na hawezi kumtangulia mkubwa. Nje kulikuwa na mkubwa asiyetaka kutangulia na hawezi kusema. Kila mmoja alikuwa ameziba njia ya mwenzake, kwa heshima tupu.

"Afande," nikamwuliza, "mkiwa vitani, na mbele kuna mahali hamjui kuna nini, mkubwa ndiye aliyekuwa anatangulia?"

"Mkubwa atangulie? Akifa nani ataongoza? Unatuma doria kwanza. Watu wa kuaminika. Wanakwenda, wanatazama, wanarudi na—"

Akanitazama. Kisha akavuta kaunda suti yake chini, akafunga kifungo cha juu, akaurudisha mgongo mahali pake. Alipoingia ndani alikuwa mrefu kuliko alipotoka.

"Sajenti!"

Sijapata kumwona baba akigeuka haraka namna ile. "Afande!"

"Mbele yetu kuna eneo hatulijui." Meja akanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. "Hatuna habari zake. Nakutuma doria. Ingia, kagua, urudi na taarifa kamili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande!"

"Usiache kitu."

"Sitaacha, afande!"

Baba akapiga saluti iliyopeperusha vikaratasi mezani kwa muuguzi, akageuka, akaenda kwenye mlango ule kwa hatua za gwaride. Hakugonga ukuta. Mama alibaki ameketi juu ya pindo lake la khanga, mdomo wazi.

"Wiki zote hizi namwambia nenda, haendi," akasema hatimaye, akiifungua namba na kumkabidhi muuguzi. "Kumbe mie nimekosa cheo tu."

Tulingoja. Meja alikaa mbele, akifungua na kufunga kifungo chake cha juu. Mlango ulipofunguliwa, baba alitoka ameshikwa mkono na msaidizi, jicho limefunikwa kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, kimebandikwa kwa plasta. Alikuwa haoni kitu kabisa, lakini aliuachia ule mkono, akasimama wima.

"Afande, naomba kutoa taarifa."

"Toa."

"Eneo ni salama. Adui hakuna. Ipo sindano moja, inauma kama siafu, siafu mdogo, si yule mkubwa. Kisu hakionekani, afande. Kinachoonekana ni mwanga, na rangi, kama nguo za harusi. Daktari ana mikono mizuri na anaimba. Haimbi vizuri."

"Umeona kisu?"

"Sikukiona, afande. Nilikitafuta kwa sababu uliniambia nisiache kitu. Hakikuonekana."

Meja akavuta pumzi kutoka mbali. "Kazi nzuri, sajenti," akasema, akaingia.

Kesho yake tulirudi kufunguliwa. Baba aliketi kitini, daktari akabandua plasta, akamwambia afumbue taratibu. Alifumbua. Akatazama dirisha, akatazama mkono wake upande wa juu na upande wa kiganja. Akamtazama mama kwa muda, mpaka mama akaona haya akaivuta khanga usoni kama mwari. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe una mvi," akasema kwa mshangao. "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu Mei.

Kilichobaki kilikuwa kuchukua dawa za matone. Tulipanga foleni kwenye dirisha la dawa: mbele meja, ambaye naye alikuwa amefunguliwa na alikuwa akisoma kwa sauti kila kibandiko kilichokuwa ukutani, nyuma yake baba, nyuma yake mama na mimi. Ndipo nikasikia viatu. Vizito, vya polepole, vyenye uhakika. Baba akavisikia kabla yangu. Mgongo ukamnyooka. Mkono ukaanza kupanda.

"Mzee wangu!" ikasema sauti ya kutosha. "Wewe si ndo ulinipishaga siku ile? Naona leo tena tumekutana. Nina haraka kidogo, hebu nipishe hapo nichukue dawa zangu."

Baba akageuka. Mkono ulikuwa umefika kifuani, ukasimama hapo. Jicho jipya likaanza kazi kutoka juu: kofia ya jua, shati, mfuko wa saruji kifuani, tumbo, suruali, viatu vya ngozi. Likapanda tena polepole, halikuacha kitu.

Meja aligeuka kuona kilichochelewesha foleni. "Sajenti, huyu nani?"

Baba alishusha mkono.

"Raia, afande. Niliwahi kumpandisha cheo kimakosa."

Meja naye akamkagua yule bwana, viatu mpaka kofia.

"Mshushe," akasema, akarudi kwenye vibandiko vyake.

Baba akamwonyesha mfanyabiashara wa saruji mwisho wa foleni, kwa kidole, na kwa upole mkubwa, kama anavyomwonyesha mtu mahali pake kwenye benchi.